Kutoka asilimia ya utafiti hadi uwezekano wa matukio huru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kutoka pande tatu: wanafunzi wa shule za upili wanaojiandaa kwa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), wanachuo wenye tasnifu ya kumaliza, na vijana wanaozunguka mitaa ya Nairobi na hojaji kwenye tableti, ambao jioni mwenye mradi huwauliza, "Basi kuna uwezekano gani kwamba...?" Fomula yenyewe ni moja, tena fupi. Kazi iko kwenye kujua lini una haki ya kuitumia, ndiyo maana majibu mengine hapa ni marefu na mengine ni ya mistari michache. Nambari iliyotoka kwenye sensa, utafiti wa taifa au uchaguzi nimeitaja hivyo. Zilizobaki, zile zinazoanza na "tuseme", ni za mfano tu.

Utafiti unasema asilimia 60. Huo ndio uwezekano?

Ndiyo, kwa sharti moja. Gawanya 60 kwa 100 upate 0.6. Hiyo ni uwezekano kwamba mtu mmoja, akiteuliwa kwa nasibu kutoka kundi lile lile lililopimwa, atakuwa na sifa unayoizungumzia. Maneno "kundi lile lile" ndiyo yanayosahaulika.

Sensa ya 2019 iliripoti kwamba asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi. Anayesoma nambari bila maelezo yake hushangaa: Kenya hii, ambayo mama mboga analipwa kwa M-Pesa, wenye simu hawafiki nusu? Lakini waliohesabiwa hapo ni watu wa miaka 3 na zaidi. Watoto wa chekechea wamo. Ukiichukua 0.473 na kuitumia kwa watu wazima wanaosubiri matatu Kencom, umekosea kabla hujazidisha chochote. Kwa hiyo swali la kwanza daima ni: asilimia ya nani?

Matukio huru ni yapi hasa?

Ni matukio mawili ambayo kujua kuhusu moja hakukusogezi hata kidogo katika kukisia lingine. Ukiambiwa kwamba mtu wa kwanza uliyemteua anapika kwa gesi, je, matarajio yako kuhusu mtu wa pili yamebadilika? Kama hayajabadilika, matukio hayo ni huru, na hapo ndipo kanuni inapofanya kazi: uwezekano wa yote mawili kutokea ni uwezekano wa la kwanza mara uwezekano wa la pili.

Zingatia kwamba asilimia zenyewe hazikuambii kama matukio ni huru. Unaweza kukodolea macho 60 na 50 mchana kutwa zisikwambie lolote. Uhuru hutokana na namna watu walivyoteuliwa, au na asili ya jambo lenyewe.

Kwa nini tunazidisha badala ya kujumlisha?

Tuseme asilimia 60 ya wakazi husafiri kwa matatu, nawe unateua watu wawili wawili, jozi 1,000. Katika jozi kama 600, mtu wa kwanza atakuwa wa matatu. Sasa sahau zile 400 nyingine, hazina msaada tena. Ndani ya hizo 600, mtu wa pili naye atakuwa wa matatu katika asilimia 60, yaani jozi 360. Basi 360 kati ya 1,000 ni 0.36, sawa kabisa na 0.6 × 0.6. Kila sharti jipya linakata kutoka kwa kile kilichobaki baada ya sharti la kwanza. Aliyejumlisha amepata asilimia 120, na hapo hata asiyejua hesabu anaona mambo yameharibika.

Naomba mfano kamili wa watu watatu.

Tuseme utafiti umeonyesha asilimia 70 ya kaya za jiji hupika kwa gesi. Umeteua kaya tatu kwa nasibu, kila moja bila kutegemea nyingine. Anayepika kwa gesi ni 0.7, asiyepika ni 0.3.

Zote tatu kwa gesi: 0.7 × 0.7 × 0.7 = 0.343. Hakuna hata moja: 0.3 × 0.3 × 0.3 = 0.027. Mpaka hapa hakuna anayeteleza.

Mbili kamili ndipo wengi wanapopotea. Huandika 0.7 × 0.7 × 0.3 = 0.147 wakaweka kalamu chini. Lakini hiyo ni njia moja tu, ile ambayo kaya ya tatu ndiyo isiyo na gesi. Isiyo na gesi inaweza kuwa ya kwanza au ya pili pia. Njia ni tatu, kwa hiyo 3 × 0.147 = 0.441. Vivyo hivyo kwa moja kamili: 3 × 0.7 × 0.3 × 0.3 = 0.189.

Kisha jumlisha majibu yote manne: 0.343 + 0.441 + 0.189 + 0.027 = 1. Jumla isipofika 1, kuna njia umeiacha. Ikizidi, umehesabu njia mara mbili. Ukaguzi huu huchukua sekunde chache na sielewi kwa nini wanafunzi huuona kama adhabu.

"Angalau mmoja" inanichanganya kila mara. Nifanyeje?

Geuza swali. "Angalau mmoja" ni kila kitu isipokuwa "hakuna hata mmoja", na "hakuna hata mmoja" ni rahisi kuhesabu. Tafuta hiyo, kisha itoe kwenye 1.

Tuseme asilimia 8 ya kaya zina mtu anayefanya kazi zamu ya usiku, na wewe unahitaji kumpata angalau mmoja umhoji. Umepewa kaya 10 zilizoteuliwa kwa nasibu jijini kote. Uwezekano wa kukosa katika kaya moja ni 0.92. Kukosa katika zote kumi ni 0.92 kwa kipeo cha 10, ambayo ni 0.434. Basi uwezekano wa kupata angalau mmoja ni 1 − 0.434 = 0.566. Ni zaidi ya nusu kidogo tu. Aliyejumlisha 8 mara kumi ameahidi asilimia 80, na kwa kaya 13 ataahidi asilimia 104.

Swali hilo hilo huulizwa kwa upande wa pili: nitembelee kaya ngapi ili niwe na uwezekano wa asilimia 90 wa kumpata? Unatafuta kipeo kinachoishusha 0.92 hadi 0.1 au chini. Kwa 27 unapata 0.105, bado. Kwa 28 unapata 0.097. Jibu ni kaya 28. Mwenye mradi anayekupa nauli ya siku moja anafaa aonyeshwe hesabu hii mapema, si baada ya wewe kurudi mikono mitupu.

Nina asilimia mbili kuhusu watu wale wale. Naweza kuzizidisha nipate wenye sifa zote mbili?

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, nami nitakaa nalo kidogo.

Rudi kwenye sensa ya 2019, watu wa miaka 3 na zaidi: asilimia 22.6 walitumia intaneti, asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Ukizidisha 0.226 kwa 0.104 unapata 0.0235, yaani kana kwamba asilimia 2.35 ndio waliotumia vyote viwili. Fikiria maana yake. Ingekuwa kwamba katika kila watumiaji mia wa kompyuta, karibu 77 hawajawahi kugusa intaneti. Nani amekutana na cyber ya namna hiyo mjini? Anayetumia kompyuta ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutumia intaneti kuliko mtu wa kawaida, kwa hiyo sifa hizi mbili zimefungamana.

Kutokana na hizo nambari mbili peke yake, unachoweza kusema kwa uhakika ni mipaka. Wenye vyote viwili hawawezi kuzidi asilimia 10.4, kwa sababu hao ndio wote wa kompyuta, na kwa upande wa chini hesabu haizuii hata sifuri. Jibu la kweli liko katikati hapo, na akili ya kawaida inalisukuma juu. Ripoti ikikupa asilimia mbili zilizotengana, usiandike ya tatu kana kwamba umeipima.

Kama data ghafi unayo, huna haja ya kukisia. Chora jedwali la njia mbili, mistari ikiwa ya sifa moja na safu za nyingine. Tuseme umehoji abiria 400. Kati yao 240 hulipa nauli kwa simu, ambao ni asilimia 60, na 200 wako chini ya miaka 35, ambao ni asilimia 50. Kama sifa hizi ni huru, wanaolipa kwa simu na ni vijana wangekuwa karibu 0.6 × 0.5 × 400 = 120. Sasa hesabu waliopo kwenye hojaji. Tuseme umekuta 156. Hiyo ni asilimia 78 ya vijana wote, na waliobaki 84 ni asilimia 42 tu ya wakubwa. Umri unakuambia jambo kuhusu malipo, kwa hiyo hapa kuzidisha 0.6 kwa 0.5 ni marufuku. Zidisha kwa njia iliyo halali: nusu ni vijana, na *miongoni mwa vijana* 0.78 hulipa kwa simu, basi 0.5 × 0.78 = 0.39. Kanuni hiyo ya pili, ambayo kipande chake cha mwisho kinapimwa ndani ya kundi la kwanza, ni sahihi siku zote, matukio yawe huru yasiwe huru.

Na kama ungekuta 124 badala ya 120? Usikimbilie kutangaza uhusiano. Tofauti ndogo huletwa na bahati ya sampuli. Jaribio la kai mraba, ambalo hupima umbali kati ya ulichokuta na ulichotarajia, ndilo hutumika kuamua: kwa 124 linatoa karibu 0.67, kwa 156 linatoa 54, na mpaka unaozoeleka kwa jedwali la mbili kwa mbili ni 3.84. Likiuzidi mpaka huo, bahati peke yake haitoshi kuwa maelezo.

Kuna mahali sifa mbili za mtu mmoja huwa huru kweli?

Kuna, ila ni adimu kuliko vitabu vinavyoonyesha. Mfano ninaoupenda ni wa damu. Kundi la damu la A, B, AB au O huamuliwa na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 9. Alama ya kujumlisha au kutoa inayoandikwa baada yake, ile ya Rhesus, huamuliwa na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 1. Zinarithiwa mbalimbali. Kwa hiyo ukiambiwa, tuseme, kwamba asilimia 45 ya wachangiaji ni kundi O na asilimia 5 ni Rhesus hasi, kukadiria O hasi kuwa 0.45 × 0.05 = 0.0225 si jambo la kipuuzi.

Hata hapo kuna mtego. Ukichanganya kwenye sampuli moja watu wa asili zilizo mbali, kila jamii ikiwa na viwango vyake vya makundi hayo, uhusiano unaweza kujitokeza kwenye jedwali ingawa jeni hazijuani. Nairobi ni mji wa mchanganyiko, kwa hiyo mtego huu si wa kinadharia tu.

Je, "huru" ni sawa na "hayawezi kutokea pamoja"?

La, yako mbali sana. Matukio yasiyoweza kutokea pamoja yanategemeana kupita kiasi: moja likitokea, umeshajua kwamba lingine limekufa.

Chukua matokeo ya urais ya 2022 kama yalivyotangazwa na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. William Ruto alipata asilimia 50.49 ya kura halali, Raila Odinga asilimia 48.85. Mpiga kura mmoja hawezi kuwa amewapigia wote wawili, kwa hiyo uwezekano kwamba kura moja iliyochomolewa kwa nasibu ni ya mmoja wao hupatikana kwa kujumlisha: 0.9934. Kuzidisha hapo hakuna maana.

Sasa chomoa kura mbili kutoka nchi nzima. Hapo unazidisha. Zote mbili za Ruto: 0.5049 × 0.5049, karibu 0.255. Zote mbili za Raila: karibu 0.239. Moja ya huyu na moja ya yule: 2 × 0.5049 × 0.4885, karibu 0.493. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya jozi zote zingekuwa na wapinzani wawili.

Lakini chomoa kura hizo mbili kutoka sanduku moja la Siaya, ngome ya Raila, au moja la Bomet, ngome ya Ruto, uone kama utapata wapinzani nusu ya wakati. Hutapata. Asilimia za taifa hazijabadilika, namna ya kuchomoa ndiyo iliyobadilika. Jambo hilo linatupeleka kwenye swali lifuatalo.

Nilihoji majirani kwenye ploti moja ili kuokoa nauli. Bado naweza kuzidisha?

Hapana, au si kwa namna hiyo.

Tuseme asilimia 40 ya nyumba za jiji hazina maji siku ya Jumanne. Teua nyumba mbili kwa nasibu, moja ikaangukia Kawangware na nyingine Donholm. Uwezekano wa zote mbili kukosa maji ni kama 0.4 × 0.4 = 0.16. Sasa teua nyumba mbili zinazotazamana kwenye ghorofa moja la Pipeline. Bomba ni moja, tangi ni moja, na mgao wa maji Nairobi hufuata ratiba ya mtaa. Ya kwanza ikikosa, ya pili nayo imekosa. Uwezekano wa zote mbili kukosa ni karibu 0.4 yenyewe. Kati ya 0.16 na 0.4 kuna pengo ambalo halitibiki kwa kuongeza desimali. Mambo ni yale yale kwa stima, kodi ya nyumba, njia ya kwenda kazini, na hata shule wanazosoma watoto.

Kibaya zaidi, ukihoji nyumba 30 za ploti hiyo moja kuhusu maji, hujapata majibu 30. Umepata jibu moja lililorudiwa mara 30.

Wataalamu nao huhoji kwa mafungu, yaani kaya kadhaa za eneo moja, kwa sababu nauli inawaumiza hata wao. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu Kenya wa 2022 ulipangwa kwa mafungu 1,692 nchini, kaya 25 kila fungu, jumla kaya 42,300. Tofauti ni kwamba wao mafungu yenyewe waliyateua kwa nasibu, na wanapokokotoa makosa ya sampuli hutilia maanani kwamba kaya za fungu moja hufanana. Hawajifanyi kwamba kaya 25 za sehemu moja ni kaya 25 zisizohusiana.

Anayeona kwamba hii ni fujo ya wanahesabu asome kesi ya Sally Clark, wakili wa Uingereza aliyefungwa 1999 kwa mashtaka ya kuwaua watoto wake wawili wachanga. Daktari wa watoto Roy Meadow aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa mtoto kufa ghafla bila sababu kujulikana katika familia kama yake ni 1 kati ya 8,543, na kwa watoto wawili akazidisha 8,543 kwa 8,543 na kutoa ile nambari iliyovuma, 1 kati ya milioni 73. Kuzidisha huko kulichukulia kwamba kifo cha mtoto wa pili hakina uhusiano wowote na cha kwanza, ilhali ni wa mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja, damu moja. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa taarifa 2001 kusema hesabu hiyo haina msingi. Hukumu ilifutwa Januari 2003, sababu kuu ikiwa matokeo ya maabara ambayo upande wa utetezi haukuwa umepewa. Kulikuwa na kosa la pili pia: hata nambari ile ingekuwa sahihi, si uwezekano kwamba mama hana hatia. Lakini hilo ni somo jingine.

Chama chetu kina watu 20. Nikiteua wawili, nizidishe tu?

Kundi dogo linabadilika ukimtoa mtu. Tuseme 12 kati ya 20, asilimia 60, wamelipa mchango. Wa kwanza kuwa amelipa: 12/20. Akishatoka wamebaki 11 waliolipa kati ya 19. Wote wawili: 12/20 × 11/19 = 0.347, si 0.36.

Kwa Nairobi nzima, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, hesabu hiyo hiyo inatoa karibu 0.35999995. Hakuna atakayekudai tofauti hiyo. Kanuni ya mkato inayotumika: ukiwa unateua chini ya asilimia 10 ya kundi zima, zidisha kama kawaida.

Asilimia ya utafiti yenyewe ni makadirio. Kosa lake linaenda wapi nikizidisha?

Linakua, tena kwa kasi. Tuseme asilimia 60 ilitoka kwa watu 400 walioteuliwa kwa nasibu. Kile wanatakwimu wanachokiita kosa la kawaida, yaani kipimo cha makadirio yanavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, ni kipeuo cha pili cha 0.6 × 0.4 ÷ 400, karibu 0.0245, na kwa kiwango cha asilimia 95 unaweka karibu mara mbili yake, takribani pointi 4.8 za asilimia, kila upande: kutoka 55.2 hadi 64.8.

Watu wawili wote kuwa na sifa hiyo ni 0.36, lakini kwa mipaka hiyo ni kutoka 0.305 hadi 0.42. Watu watano ni 0.078, na mipaka ni 0.051 hadi 0.114. Yaani upande wa juu ni zaidi ya mara mbili ya upande wa chini. Kwa hiyo ukiona mtu ameandika "asilimia 7.776" kwa watu watano kutoka sampuli ya 400, ujue desimali hizo amepewa na kikokotoo, hakuzipata nyanjani. Andika "karibu asilimia 8, labda kati ya 5 na 11".

Watano mfululizo wamesema "ndiyo". Wa sita si ana uwezekano mkubwa wa kusema "la"?

Kama ni huru, wa sita hajui chochote kuhusu hao watano. Uwezekano wake ni ule ule wa mwanzo. Kama mfululizo unaendelea kukushangaza, shuku uteuzi wako: pengine umesimama mahali pamoja na unahoji watu wa aina moja.

Hesabu hii inahusu pia kubashiri mechi?

Inahusu, na pengine ndiyo matumizi yake maarufu zaidi mjini hata kama hakuna anayeyaita hivyo. Jakpoti ya mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu (nyumbani, sare, ugenini), ina michanganyiko 129,140,163. Wewe si wa kubahatisha tu, unajua mpira, sawa. Tuseme unapatia asilimia 60 ya mechi, jambo ambalo si dogo. Basi 0.6 kwa kipeo cha 17 ni karibu 0.00017, yaani mara 1 katika 5,900 hivi. Ukibashiri kila wikendi bila kukosa, hiyo ni zaidi ya miaka 110 kwa wastani. Wenye kampuni wanaijua kanuni ya kuzidisha vizuri sana.

Kwenye mtihani, mchoro wa mti ni lazima?

Swali likisema chora, chora, alama ziko hapo. Lisiposema, bado unasaidia kuona njia usizozikumbuka. Kando ya tawi unazidisha. Kutoka ncha moja hadi nyingine unajumlisha. Matawi yanayotoka kwenye nukta moja lazima yafike 1. Mtihani ukisema "bila kurudisha", nambari za matawi ya pili hubadilika, kama kwenye mfano wa chama. Na tofauti na kazi ya mtaani, karatasi ya mtihani hukuambia au kukuonyesha kama matukio ni huru, kwa hiyo soma sentensi ya kwanza mara mbili.

Nitumie nini kukokotoa, na nikadirie lini?

Kikokotoo cha shule kinatosha. Kwenye Excel, mfano wa zamu ya usiku huandikwa =1-0.92^10. Beba desimali zote hadi mwisho ndipo ukadirie. Ukikadiria 0.434 kuwa 0.4 katikati ya kazi, jibu linatoka 0.6 badala ya 0.566, na kwa kaya elfu moja za mradi hilo ni jambo la kuulizwa ofisini.